Tetemeko la Lisbon na Maana ya Uovu

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko kuu la ardhi liliupiga mji wa Lisbon, Ureno, hali watu wengi wamo makanisani. Kisha bahari ikafurika, na moto ukateketeza yaliyosalia. Mwaka 1756 padre Gabriel Malagrida aliandika kwamba hiyo ilikuwa ghadhabu ya Mungu juu ya dhambi za mji. Serikali ya waziri aliyeitwa baadaye Pombal iliwapelekea maparoko maswali: tetemeko lilidumu muda gani? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka? Waliojibu walikuwa mapadre wenyewe. Basi imani haikuwazuia kupima.

Ugomvi huo ulikuwa wa lugha pia. Neno la Kilatini malum hubeba uovu wa moyo pamoja na maafa ya mwili. Leibniz alikwisha kuyapambanua mambo hayo mwaka 1710. Kiswahili kina neno uovu, na kina neno maafa. Sayansi yaeleza jinsi ardhi itikisikavyo, wala haiwahukumu waliofukiwa. Lakini kwa nini Muumba aliyaruhusu maafa? Swali hilo halijibiwi na sayansi, wala na kamusi.