Tangi Dogo la Samaki na Mimea: Yajue Haya Kabla Hujatia Samaki

Tangi langu la kwanza nililinunua Jumamosi. Jioni hiyo hiyo nikalijaza maji ya mfereji, nikachomeka mimea miwili na kutia samaki wanane. Kufikia Jumanne wote walikuwa wanaelea. Binti yangu akaniuliza, "Baba, tumewakosea nini?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami naliandika ili mwengine asirudie kosa langu.

Kilichowaua

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Hii ya mwisho haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na mimea huifanya chakula. Tangi jipya halina bakteria hao. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Mimi sikuwapa hata siku moja.

Tangi na mahali pake

Anza na lita 40 hadi 60. Tangi dogo zaidi ya hapo maji yake huharibika upesi. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, basi meza iwe imara. Usiliweke penye jua la dirishani, litajaa utando wa kijani. Hita hatuihitaji huku kwetu, joto la Pwani latosha.

Maji na mchanga

Maji ya mfereji hutiwa klorini. Yaache katika ndoo wazi kwa saa 24, au tumia dawa ya kuiondoa inayouzwa na wauza samaki wa mapambo. Kama yametiwa kloramini, dawa ni lazima. Maji ya kisima yaonje kwanza: yakiwa ya chumvi, mimea mingi haitayaweza.

Mchanga wa ufuoni uache ufuoni, una chumvi na vipande vya makombe. Chukua wa mto, uoshe hadi maji yatoke safi, kisha utandaze kina cha sentimita 5 hivi.

Mimea

Anayeanza atafute anubias, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, au feni ya Java. Hii haitaki mwanga mwingi. Shina lake nene usilifukie, litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, ndiyo ya kupanda mchangani. Washa taa saa sita hadi nane kwa siku, basi.

Kusubiri

Washa kichujio, utie punje chache za chakula kila siku ili bakteria wapate riziki. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, muombe kipande cha sifongo cha kichujio chake. Kazi itakwenda mbio zaidi. Pima maji kwa vipimo vya dukani. Amonia na nitriti zikishapanda, kisha zote zikashuka hadi sifuri, tia samaki watatu tu. Gapi ni wavumilivu. Walishe kidogo, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Kichujio kisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya mfereji, maana klorini itawaua wale bakteria uliowangojea.

Ukichoka nalo, samaki na mimea usivitupe mtoni wala bwawani. Gugu maji linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria lilitoka Amerika Kusini, na lilienezwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake.

Mara ya pili tulingoja wiki sita. Binti yangu ndiye aliyekuwa akipima maji na kuandika daftarini. Gapi huzaa watoto walio hai, na juzi amewaona wanne wamejificha katikati ya majani.