Wanafunzi Waliofundishana Katika Wodi za Paris

Mapinduzi ya Ufaransa yalivifuta vyuo vya zamani vya udaktari, na sheria ya Desemba 1794 ikaanzisha shule mpya tatu: Paris, Montpellier na Strasbourg. Mwanafunzi sasa alitakiwa ajifunze kando ya kitanda cha mgonjwa. Hospitali za Paris zilikuwa na wagonjwa tele, lakini maprofesa walikuwa wachache. Asubuhi umati wa vijana ulimfuata mwalimu mmoja wodini, na aliyebaki nyuma hakuona kitu. Pengo hilo waliliziba wanafunzi wenyewe.

Mwaka 1801 wanafunzi wa profesa Corvisart, katika hospitali ya La Charité, waliunda chama cha kusomeana habari za wagonjwa waliowahudumia. Laennec, aliyekuja kubuni stethoskopu mwaka 1816, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1802 kanuni za hospitali ziliweka ngazi mbili, zote za kupandwa kwa mtihani wa ushindani. Wanafunzi wa nje walifunga vidonda na kuandika maagizo ya daktari. Wa ndani waliishi hospitalini na kuangalia wodi mkubwa wao asipokuwapo. Wa nje aliyetaka kupanda ngazi alijiunga na kikundi kidogo kilichoongozwa na wa ndani, akazoezwa maswali ya mtihani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi wa kila siku ilipokewa kwa mtu aliyetangulia miaka michache tu.

Kufundishana huku kulifika mbali zaidi mwaka 1832, wafuasi wa daktari Pierre Louis walipoanzisha Chama cha Uchunguzi wa Kitabibu. Kila mwanachama, kwa zamu, alisoma mbele ya wenzake historia ya mgonjwa aliyemfuatilia mwenyewe: ugonjwa ulianza lini, dalili zilifuatana vipi, na kama mgonjwa alifariki, maiti ilionyesha nini. Kisha wenzake waliichambua bila kumwonea haya. Aliyeruka dalili au kukisia tarehe aliambiwa pale pale. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya chama kile, kwani urafiki peke yake haumfundishi mtu kupima ushahidi. Wageni kutoka Marekani walikuwamo, kama Oliver Wendell Holmes na Henry Bowditch, na Bowditch aliporudi Boston alianzisha chama cha namna hiyo.

Wanawake walinyimwa nafasi ya kufundishana hivyo wodini kwa muda mrefu. Madeleine Brès alipata shahada ya udaktari Paris mwaka 1875, lakini ngazi za hospitali zilikuwa bado zimefungwa kwa wanawake, na aliyefungiwa ngazi alikosa pia shule ya wenzake. Dhuluma hiyo ilianza kuondolewa mwaka 1881 waliporuhusiwa kuwa wanafunzi wa nje. Ngazi ya ndani ilifunguliwa mwaka 1885. Mtihani wa kuwachuja wanafunzi wa nje uliendelea hadi 1968, ulipofutwa, na wanafunzi wote wa udaktari wa Ufaransa wakapewa kazi wodini.