Jibu Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha Baiolojia kwa mwaka mmoja, kidato cha tano, tahasusi ya PCB. Katika jaribio moja niliwauliza wanafunzi wamtaje mwanasayansi aliyeonesha kwamba kila seli hutokana na seli nyingine. Mwongozo wangu wa kusahihishia ulikuwa na jina moja tu: Virchow. Darasa zima liliandika Virchow, isipokuwa msichana mmoja aliyeandika Remak. Nikamkata kwa wino mwekundu, nikachukua karatasi iliyofuata.

Saa ya mapumziko alinifuata ofisini. "Samahani Mwalimu," alisema, "hili nililisoma kwenye kitabu cha kaka yangu." Sikumwomba anioneshe hicho kitabu. Nilimwambia aandike yaliyomo kwenye notisi, maana msahihishaji wa mtihani wa taifa hatakuwa na kitabu cha kaka yake. Akasema asante, akaondoka.

Jina hilo nilikuja kulitafuta baadaye sana, nimeshaacha ualimu. Na ili nimwelewe Remak, ilibidi nianzie mbali, kwenye neno lenyewe, seli.

Mwaka 1665, mjini London, Robert Hooke alikata kipande chembamba cha lile gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini. Akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya chumba kidogo. Neno hilo ndilo lililotupa seli ya darasani, na ndilo lililotupa selo ya kituo cha polisi. Hooke alipiga hesabu akakuta kwamba inchi moja ya ujazo wa gome lile ina vyumba zaidi ya milioni 1,200. Ila vyote vilikuwa vitupu. Gome lilikuwa limeshakufa; alichokiona ni kuta za nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Wenyewe walichukua muda kujulikana. Mwaka 1831 Robert Brown, Mskoti aliyekuwa akichunguza maua ya okidi, alieleza juu ya kitone kinachojirudia ndani ya seli, akakiita kiini. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alisema mimea imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema wanyama nao ni hivyo hivyo. Hapo ndipo mchoro tunaouchora tangu kidato cha kwanza ulipoanza kupata maana: utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, sitoplazimu ambamo kazi nyingi za seli hufanyika, na kiini kinachoziongoza. Seli zinazofanana huunda tishu, tishu huunda ogani, ogani huunda mfumo, na mifumo huunda mwili. Muhogo na mbuzi anayekula majani yake wamejengwa kwa tofali la namna moja, ingawa tofali la muhogo lina ukuta mgumu kwa nje, na la mbuzi halina.

Lakini seli mpya hutoka wapi? Hapo Schleiden na Schwann walikosea. Walidhani seli hujiunda kutoka kwenye majimaji yasiyo na umbo, mfano wa chumvi inavyoganda maji ya bahari yakikauka. Kwa maelezo hayo, seli inaweza kuwepo bila kuzaliwa na seli.

Robert Remak hakukubali. Alizaliwa mwaka 1815 katika familia ya Kiyahudi mjini Posen, ambao leo ni Poznań nchini Poland, akaenda Berlin kusomea udaktari. Serikali ya Prussia wakati huo haikuwaruhusu Wayahudi kufundisha chuo kikuu. Angebatizwa, mlango ungefunguka. Alikataa, akaendelea na utafiti bila cheo. Mwaka 1841 alieleza jinsi seli nyekundu za damu katika kiinitete cha kuku zinavyogawanyika. Baadaye akahamia kwenye mayai ya vyura, akitumia kemikali za kukaza utando ili mahali seli inapogawanyika paonekane wazi. Mwaka 1852 akachapisha hitimisho lake: seli hutokana na kugawanyika kwa seli zilizokuwepo.

Wengi hawakumwamini, na mwanzoni Rudolf Virchow naye alikuwa na shaka. Kisha mwaka 1855 Virchow alichapisha wazo hilo hilo, akalipamba kwa msemo wa Kilatini unaokaririwa mpaka leo. Remak hakumtaja. Mwaka uliofuata Virchow akapewa kiti cha uprofesa wa patholojia Berlin. Remak alikuwa ameruhusiwa kufundisha katika chuo hicho tangu mwaka 1847, Myahudi wa kwanza kufika hapo, lakini kwa cheo cha chini. Uprofesa msaidizi aliupata mwaka 1859. Alifariki mwaka 1865, akiwa na miaka 50.

Sisemi Virchow hana chake. Yeye ndiye aliyelichukua wazo hilo akalipeleka kwenye magonjwa, akafundisha kwamba daktari autafute ugonjwa ndani ya seli. Leo mgonjwa akikatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara, kazi ya Virchow inaendelea. Jina lake linastahili kuwa kwenye notisi. Ninachojiuliza ni kwa nini notisi zilikuwa na nafasi ya jina moja tu, na kwa nini mimi, niliyesimama ubaoni nikifundisha kwamba hakuna seli isiyo na mzazi, sikuwahi kuuliza mzazi wa wazo lenyewe ni nani.

Wala sikuzuiwa na yeyote kuuliza. Kitabu kilikuwa nyumbani kwa mwanafunzi wangu, na aliyekisoma alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

Daftari la alama la mwaka ule bado ninalo. Siku ile alipata 19 kati ya 20. Alistahili 20.