Kutoka Rafu hadi Kiwambo: Historia Fupi ya Istilahi za Maktaba na Kompyuta katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeingia maktaba ya chuo kikuu kwa mara ya kwanza hukabiliwa na kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, yampasa kujua jinsi maarifa yalivyopangwa humo: vitabu kwenye rafu, majarida mahali pake, tasnifu na miswada chini ya ulinzi. Pili, yampasa kuijua mashine ambayo siku hizi ndiyo mlango wa kuyafikia hayo yote. Kila kazi ina istilahi zake, na aghalabu mwanafunzi huzikuta kwa Kiingereza, hata kama kitabu anachokitafuta kimeandikwa kwa Kiswahili na mtihani atakaoufanya ni wa Kiswahili.

Mara nyingi hali hii huelezwa kuwa ni upungufu wa istilahi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kukitaja kitabu na sehemu zake kabla ya kuwako maktaba za umma katika Afrika Mashariki; na istilahi za kompyuta zimebuniwa kwa wingi, wakati mwingine tatu kwa kitu kimoja. Kilichokosekana zaidi ni mahali pa kuliandika neno. Historia yadhihirisha kwamba istilahi hukita mizizi pale inapobandikwa juu ya kitu chenyewe: juu ya mlango, kwenye droo ya kadi, kwenye kiwambo cha mashine.

2. Msamiati wa kitabu kabla ya maktaba

Yafaa kuanza na neno chuo. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa ni kitabu. Kutokana na maana hiyo, chuoni pakawa ndipo mahali pa kusomea, na mwanachuoni akawa mtu aliyebobea katika elimu. Leo chuo ni taasisi, nayo maana ya kitabu imesahauliwa na wengi. Hata hivyo, kila atajaye chuo kikuu anataja, bila kujua, kitabu kikubwa.

Neno kitabu lenyewe lilitoka katika Kiarabu, nalo halikuja peke yake. Mzizi uleule wenye maana ya kuandika ulileta katibu na maktaba. Pamoja nayo yalikuja maneno ya kutaja sehemu za kazi iliyoandikwa. Juzuu, ambalo leo hutumiwa kutaja kila mkusanyo wa toleo la jarida, lilifahamika kwanza kwa zile sehemu thelathini za Kurani. Tanbihi, yaani maelezo yawekwayo chini ya ukurasa, asili yake ni kumzindua mtu. Rafu nayo ni ya asili hiyohiyo ya Kiarabu.

Mifano miwili yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Faharasa ina ukoo mmoja na jina la kitabu mashuhuri cha Ibn al-Nadim wa Baghdad, al-Fihrist, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 10 kuorodhesha vitabu vilivyojulikana kwa Kiarabu katika zama zake. Hivyo basi, neno ambalo leo wengi hulitumia kwa orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu liliwahi kubeba maana ya katalogi nzima. Kamusi nalo asili yake ni bahari. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, alikiita kitabu chake cha maneno al-Qamus al-Muhit, yaani bahari izungukayo, na umaarufu wa kitabu hicho ukalifanya jina lake kuwa jina la kila kitabu cha aina hiyo.

Hakuna kamati iliyoketi kuyapitisha maneno haya. Yalipokewa kwa sababu watu wa pwani walikuwa wakisoma, wakinakili na kufundisha, na kila neno lilikuwa na kazi ya kufanya mikononi mwa mtu. Hili ni jambo la kukumbukwa katika yatakayofuata.

3. Mlango wa Kiswahili, droo za Kiingereza

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilijishughulisha hasa na usanifishaji wa tahajia, vitabu vya shule na kamusi. Matunda yake yanayojulikana zaidi ni kamusi zilizochapishwa mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson. Istilahi za maktaba hazikuwa haja kubwa ya wakati huo, kwani maktaba zenyewe hazikuwa za Mwafrika. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, kwa miaka mingi iliwahudumia Wazungu peke yao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili iliundwa, mwaka 1948, East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu katika lugha za Kiafrika ilivipeleka kwa wasomaji katika masanduku na kwa njia ya posta. Kwa wasomaji wengi, basi, maktaba ya kwanza ilikuwa sanduku.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka. Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na maktaba kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa rasmi mwaka 1967. Nchini Kenya sheria kama hiyo ilipitishwa mwaka 1965. Ndipo neno maktaba lilipoandikwa juu ya milango ya majengo ya umma. Tangu hapo halikupata mpinzani. Hata mtu asiyewahi kuingia ndani alijua jengo lile linaitwaje.

Ndani ya jengo mambo yalikuwa mengine. Vitabu vilipangwa, kama ilivyo hadi leo katika maktaba nyingi, kwa mfumo uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika mafungu kumi kwa tarakimu. Fungu la 400 ni la lugha. Humo Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, Kiitaliano 450, Kihispania 460, Kilatini 470 na Kiyunani 480. Lugha nyingine zote za dunia, Kiarabu, Kichina na Kiswahili zikiwemo, zimebanana katika 490. Ndiyo maana mtafiti wa sarufi ya Kiswahili hana budi kwenda mpaka 496.392, na wa fasihi yake mpaka 896.392. Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi, Kiswahili kiko katika PL 8701 hadi 8704. Namba hizo hufaa sana kwa kazi, na mwanafunzi hana budi kuzijua. Lakini hazikosi kueleza aliyezitunga alisimama wapi alipoitazama dunia.

Kadi za katalogi nazo zilifuata mkondo huohuo. Droo ziliandikwa kwa Kiingereza: ya waandishi, ya anwani za vitabu na ya mada. Hata miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa Dar es Salaam iliorodheshwa na J. W. T. Allen katika katalogi ya Kiingereza, iliyochapishwa mjini Leiden mwaka 1970. Kazi hiyo ilikuwa ya thamani kubwa na bado yawafaa watafiti. Hata hivyo, mtu angeweza kuifikia tenzi ya Kiswahili kwa kupitia Kiingereza tu.

Matokeo yake kwa istilahi yaonekana wazi. Wataalamu wamependekeza katalogi, orodha na faharasa kwa kitu kimoja, na kila mwalimu amechagua lake. Hakuna lililoshinda kwa sababu hakuna lililoandikwa kwenye droo.

4. Mashine moja, majina matatu

Kompyuta iliingia Afrika Mashariki kupitia ofisi kubwa za serikali na mashirika. Nchini Tanzania ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo nchini ukapigwa marufuku. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya bidii kubwa katika uundaji wa istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilitoa orodha za tafsiri sanifu, na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili cha Dar es Salaam kilikuwa kikiandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Istilahi zilikuwa zikizalishwa wakati ambapo watumiaji wa mashine walikuwa wachache mno, nao walifanya kazi kwa Kiingereza.

Mashine ikapata majina matatu: kompyuta, ngamizi na tarakilishi. La mwisho lilipata nguvu zaidi Kenya, hasa katika vitabu vya shule. Muundo wake hauna kasoro: tarakimu imeunganishwa na akili, nayo mashine ikawa chombo cha kutia akili katika tarakimu. Waliolitetea walikuwa na hoja. Walisema kwamba lugha inayokopa kila kitu hatimaye husahau kuunda, na kwamba neno linalojieleza humsaidia anayeanza kujifunza. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa.

Lakini neno kompyuta lilikuwa na faida ambayo tarakilishi halikuwa nayo: lilifika pamoja na mashine. Liliandikwa juu ya sanduku lake, juu ya milango ya maduka na katika matangazo ya vyuo vya ufundi. Lilifuata njia iliyopitiwa na baiskeli, redio na televisheni. Tarakilishi lilibaki darasani. Nchini Kenya, ambako hapakuwa na baraza la taifa lenye nguvu za kisheria na ambako Chama cha Kiswahili cha Taifa kilianzishwa mwaka 1998 tu, hapakuwa na mahali pa kulimaliza shauri hili. Hasara imemwangukia mwanafunzi. Aliyefunzwa tarakilishi, baobonye na puku akifungua makala kutoka Dar es Salaam hukuta kompyuta, kicharazio na kipanya, na huenda asitambue kwamba ni vitu vilevile.

5. Kiwambo kilipoanza kusema Kiswahili

Mwaka 2004 ulileta badiliko. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux na kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo maagizo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri programu zake. Kazi hii ilikuwa tofauti na uandishi wa orodha. Orodha yaweza kuweka istilahi tatu bega kwa bega. Kiwambo hakina nafasi ila ya moja. Mfasiri alilazimika kuchagua, na chaguo lake likatokea mbele ya macho ya mtumiaji kila siku.

Istilahi zilizokubalika upesi katika kipindi hiki zina sifa moja: nyingi ni vitenzi vya kazi vilivyojulikana tangu zamani. Kupakia kulikuwa ni kutia shehena chomboni. Leo ni kupeleka faili kwenye mtandao. Kupakua kulikuwa ni kutoa shehena, au kutoa chakula chunguni. Leo ni kulileta faili kwenye mashine yako. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa mwelekeo wa vitendo hivyo viwili. Kuvinjari kulikuwa ni mwendo wa chombo kinachozungukazunguka baharini kikipeleleza. Leo ni kupitia kurasa za mtandao, na programu ifanyayo kazi hiyo ni kivinjari. Kiwambo chatokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Kuhifadhi ndiko kulikogusa historia kwa undani zaidi: mwanafunzi wa chuoni alihifadhi Kurani moyoni, na sasa mashine huhifadhi maandishi katika diski. Neno lililoanzia katika chuo cha kwanza limefika katika cha mwisho bila kubadili umbo.

6. Tatizo la kutafuta

Limebaki jambo moja ambalo istilahi peke yake haiwezi kulitatua. Katalogi ya kompyuta hutafuta kwa kulinganisha herufi. Mtafiti akiandika vitabu, mashine isiyoijua sarufi ya Kiswahili haitamletea kitabu. Akiandika methali, atazipata, kwa kuwa umoja na wingi ni sawa. Akiandika mwandishi, atawakosa waandishi. Kadi za zamani hazikuwa na taabu hii, kwa sababu jicho la mkutubi liliijua ngeli. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuunda programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, na kazi hiyo imethibitisha kwamba mashine yaweza kufundishwa ngeli na viambishi vya lugha hii. Lakini katalogi nyingi za kawaida hazina elimu hiyo. Mpaka zitakapoipata, mwanafunzi hana budi kufundishwa kutafuta kwa umoja na kwa wingi, na kujaribu jina la mwandishi kwa kila mpangilio: Shaaban Robert kwa Shaaban na kwa Robert.

7. Hitimisho

Historia hii fupi yaonyesha vipindi vitatu. Katika kwanza, maneno yalikuja pamoja na kazi ya kusoma, nayo yakadumu. Katika pili, neno moja liliandikwa mlangoni na mengine yakaachwa nje, nayo yakabaki mapendekezo. Katika tatu, kiwambo kiliwalazimisha wataalamu kuchagua, na yale yaliyochaguliwa kutoka katika kazi za watu yakaenea.

Ikiwa hitimisho hili ni la kweli, basi juhudi za idara za Kiswahili hazina budi kuelekezwa mahali pengine. Orodha za istilahi zipo za kutosha kuanzia kazi. Linalohitajika ni katalogi ambayo mada zake zimeandikwa kwa Kiswahili pia, mwongozo wa maktaba anaopewa mwanafunzi siku yake ya kwanza, na kibao kwenye kila rafu. Hayo yakifanywa, mwanafunzi ataliamua shauri la katalogi na faharasa kwa matumizi yake, kama walivyoliamua wazazi wake lile la maktaba.