Tuta la Sibiti: Barabara Iliyoinuliwa Kati ya Mkalama na Meatu

Mgeni afikaye Singida Mjini, akayaona majabali yake na Ziwa Singidani lenye maji ya chumvi, hawezi kusadiki upesi kwamba mkoa huu unaojulikana kwa ukame umewahi kutengwa na majirani zake kwa sababu ya maji. Lakini kwa watu wa Isanzu na Iramba, kila ilipotajwa safari ya kwenda Meatu wakati wa masika, swali la kwanza lilikuwa moja tu: Sibiti iko namna gani?

Mto Sibiti hutoka Ziwa Kitangiri na kumwaga maji yake katika Ziwa Eyasi, ambalo halina mlango wa kuyatoa. Kitangiri nalo hupokea maji ya Wembere na Manonga, yaani mvua zilizonyesha mbali, katika nchi za Igunga, Nzega na Shinyanga. Hivyo mto uliweza kufurika hali mbingu za Mkalama ni nyeupe, na mtu aliyevuka kwenda mnadani wiki hii asijue kama wiki ijayo atarudi. Nchi yenyewe ni tambarare, na maji yakizidi hayakai mtoni bali hutandaa mbugani. Udongo ni ule mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Ukinyeshewa huvimba, hulainika na kunasa magurudumu hata ya gari lisilo na mzigo.

Wakubwa wa zamani waliitazama mbuga hii kwa macho mengine. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani, waliokuwa na boma lao Mkalama, walifikiria kuyaleta maji ya Ziwa Victoria hadi Wembere ili kumwagilia mashamba ya pamba. Vita ikauzika mpango huo. Waingereza nao, katika miaka ya 1930, walijenga reli kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, kisha katika miaka ya 1940 wakaing'oa. Wote wawili walihesabu mazao. Kwamba Mnyisanzu ana shemeji yake ng'ambo ya Sibiti na angependa kumzika afapo, hilo halikuwa hoja ya serikali zile.

Kwa hiyo mto ulipojaa, gari la kutoka Singida kwenda Mwanhuzi lilizunguka kwa Shelui, Nzega na Shinyanga. Mwenye nauli aliweza kuzunguka. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hakuweza. Kwa wagonjwa wa Meatu waliozoea kutibiwa Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1955, Sibiti iliyofurika ilikuwa mlango uliofungwa. Wainjilisti na wafanyabiashara wa ng'ombe walikuwa na shida iyo hiyo, ingawa wao waliweza kungoja.

Mwaka 2012 ulileta mabadiliko katika mipaka: Wilaya ya Mkalama ilitengwa na Iramba, makao yake yakawa Nduguti, na Meatu ikatolewa Shinyanga ikawekwa katika Mkoa mpya wa Simiyu. Sibiti ikawa mpaka wa mikoa hiyo miwili. Katika miaka hiyohiyo ujenzi wa kivuko cha kudumu ulianza, ukachukua muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na subira ya wananchi ilijaribiwa sana. Septemba 2018 Rais John Pombe Magufuli alifika hapo katika ziara yake.

Watu husema "Daraja la Sibiti", na jina hilo si kosa, lakini linaificha sehemu kubwa ya kazi. Daraja lina urefu wa mita 82 tu. Barabara unganishi za pande zote mbili zina kilomita 25. Daraja peke yake lingesimama katikati ya mafuriko kama jiwe ziwani, likionekana na watu wote bila kufikiwa na yeyote. Kilichoziunganisha kingo mbili ni tuta.

Na kuinua tuta katika mbuga nyeusi si kurundika udongo. Ule ulioko mahali hapo haufai, kwa kuwa huvimba na kusinyaa na kuipasua barabara juu yake. Hubidi kuleta udongo mwingine na changarawe, kuvitandaza tabaka kwa tabaka na kuvishindilia. Tena tuta lisilo na makalavati ya kutosha hugeuka bwawa: huokoa barabara na kuzamisha mashamba ya walio upande wa juu wa maji. Makalavati nayo huziba kwa matope na magugu, na kazi ya kuyazibua hurudi kila mwaka. Kazi hiyo haizinduliwi na mgeni rasmi. Hufanywa kwa majembe na sururu kabla ya mvua za Novemba, na ikiachwa, maji hutafuta njia yao juu ya tuta.