Ziwa Nalo Linarudi Kwake

Ndugu wanamemba, na ninyi wafadhili wetu,

Wengi wetu tulivuka ziwa mara mbili. Kwanza 1996, usiku, ndani ya mitumbwi, tukikimbilia Kigoma. Halafu, kuanzia 2005, meli ikatutoa Kigoma na kutushusha Baraka. Kwa hiyo kwetu sisi ukisema ziwa, ni Tanganyika tu. Lakini Kongo ni inchi kubwa, na maziwa yake si yote yaliyoumbwa na Mungu. Mengine yalijengwa na watu. Tunaandika habari zake kwa sababu wakati huu tunajenga nyumba, na asiyejua tabia ya maji anajenga pabaya.

Upande wetu wa mashariki kuna maziwa ya bonde la ufa: Albert, Edouard, Kivu, Tanganyika, na Mweru kule kusini. Kivu zamani ilimwaga maji kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa, yakatafuta pa kutokea kusini. Ndiyo Ruzizi hii inayoshuka mpaka Uvira.

Katanga ni hadithi ingine. Kampuni ya Union Minière ilitaka umeme wa kuyeyusha shaba. Mwaka 1930 baraji ya Mwadingusha ilifunga mto Lufira, na nyuma yake likatokea ziwa Tshangalele. Mwaka 1952 Lualaba nayo ikafungwa pale Nzilo. Watu wanavua samaki mule kama ziwa lolote, lakini yale ni maziwa ya kazi: yana milango, na kuna mtu mwenye ufunguo. Mwisho wa miaka ya 1950 hata Kivu ilipata mlango, wakati baraji ya kwanza ya Ruzizi ilipojengwa karibu na Bukavu.

Tanganyika haina mwenye ufunguo. Ina urefu wa kilometa kama 670 na kina cha mita 1,470, na maji yote hayo yana mto mmoja tu wa kutokea: Lukuga, pale Kalemie. Na mlango huo umewahi kuziba. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alisema Lukuga ndiyo inayotoa maji ya ziwa. Stanley alipofika 1876 alikuta matope na matete, maji karibu hayaendi. Ziwa lilikuwa linapanda. Miaka michache baadaye kizuizi kikabomoka, maji yakatoka kwa nguvu, ziwa likashuka mita nyingi. Inchi kavu ikaonekana pwani, watu wakailima na kujenga juu yake.

Tangu hapo limepanda tena. Wazee wanaokumbuka vita ya Mulele ya 1964 wanakumbuka na maji ya miaka ile. Na sisi tumeona kwa macho 2021 na 2024, maji yakiingia nyumba za Uvira na Kalemie. Wengine walisema ni laana. Hapana. Ziwa linarudi mahali lilipokuwa, kama sisi.

Hatuwalaumu ndugu waliojenga karibu na maji. Pwani ndiko kwenye mitumbwi, soko na maji ya kupika. Na mtu aliyekaa ukimbizini miaka mingi, akirudi anakuta kiwanja cha baba yake cha juu kina watu wengine. Kile cha chini ndicho kilichobaki, na sasa tunajua kwa nini kilibaki.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Memba akitaka msaada wa kujenga, kwanza aende kiwanja pamoja na mzee mvuvi, amuonyeshe maji yalifika wapi zamani. Tusitoe mchango wa nyumba chini ya alama hiyo, hata kama ni ya kiongozi wetu. Na ninyi wafadhili, mkihesabu bei ya nyumba ya juu, hesabuni pia bomba la maji. Bila bomba mama atashuka na bidoni kila asubuhi, na baada ya mwaka atajenga kibanda chini. Tutakuwa tumemrudisha kwa maji yaleyale.

Ziwa lilitubeba salama, kwenda na kurudi. Tuliachie nafasi yake.