Fimbo na Kura: Misingi Miwili ya Uhalali wa Utawala Vilimani, Gitega na Muyinga

Tangu John Locke, nadharia ya demokrasia husema kwamba mamlaka halali hutokana na ridhaa ya watawaliwa. Nchini Burundi swali gumu zaidi limekuwa namna ridhaa hiyo inavyotolewa na kuondolewa. Katika vilima vya Gitega, na vya Muyinga mpakani mwa Tanzania, jibu la kale lilikuwa taasisi ya Bashingantahe: watu wazima waliochunguzwa na majirani kwa miaka, wakala kiapo hadharani na kutawazwa washike intahe, fimbo ya haki. Hawakupigiwa kura. Hata hivyo walihitaji kukubaliwa na kilima, na aliyekiuka kiapo aliweza kuvuliwa hadhi. Huo ulikuwa uwajibikaji, ingawa haukuwa usawa: mwanamke alitawazwa kwa kumfuata mumewe, na Batwa walitengwa. Watetezi wa taasisi hii hulipita jambo hilo upesi mno.

Ukoloni wa Ubelgiji uliidhoofisha. Baada ya ufalme kufutwa tarehe 28 Novemba 1966, watawala wa chama kimoja wakawapa hadhi hiyo watumishi wao, na kilichokuwa kikitolewa na majirani kikawa kinatoka serikalini.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka taasisi irejeshewe heshima yake. Sheria ya tarafa ya 2005 ikaanzisha baraza la kilima lenye wajumbe watano wa kuchaguliwa, lisuluhishe migogoro pamoja na Bashingantahe. Sheria ya 2010 ikawaondoa. Lakini wagombea wa kilima waliendelea kutakiwa kusimama bila chama. Yaani mtunga sheria alimfuta Mshingantahe akaibakiza hoja yake, kwamba msuluhishi asiwe wa upande wowote.

Muyinga ndiko hoja hiyo inakopimwa. Wapo wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Mjumbe anayesuluhisha shauri kama hilo anajua kwamba ataomba kura tena, na mwenye ukoo mkubwa kilimani ana kura nyingi. Aliyerudi jana hana. Mshingantahe hakutegemea uchaguzi, ila sifa yake ilitokana na ujirani wa muda mrefu, nao mrejeaji ameupoteza vilevile. Wanaopendekeza kuwarudisha Bashingantahe, sawa na wanaotaka baraza libaki peke yake, bado hawajaeleza mrejeaji huyo atasikilizwa na nani kabla shauri halijafika mahakamani.